Barua Haikuwa ya Mchezo: Safari ya Neno "Nice"

Wapenzi wa lugha, lipo kosa langu moja la tafsiri ambalo hadi leo hunifunza. Niliwahi kujaribu kuifasiri kwa Kiswahili tamthilia ya Shakespeare, Romeo and Juliet, iliyochapwa mara ya kwanza mwaka 1597. Katika tendo la tano, mtawa Laurence anapata habari kwamba barua yake haikumfikia Romeo mjini Mantua, kwa kuwa mjumbe alizuiliwa kwa hofu ya tauni. Mtawa anasikitika, na akiitaja barua ile anakana kuwa ilikuwa "nice". Nami, bila kusita, nikaandika kuwa barua haikuwa nzuri.

Rafiki aliyeisoma rasimu yangu akaniuliza, "Kama barua haikuwa nzuri, mtawa analia nini?" Nikakosa la kujibu.

Ndipo nilipoanza kulifuatilia neno hilo. Asili yake ni Kilatini, "nescius", yaani asiyejua. Likapita katika Kifaransa cha kale, na lilipoingia Uingereza katika Zama za Kati lilikuwa tusi: mpumbavu. Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, alilitumia hivyo. Baadaye likamwelekea mtu mwenye haya nyingi, kisha mchaguzi asiyeridhika upesi, kisha jambo la kupambanuliwa kwa uangalifu mkubwa. Kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 bado inatanguliza maana hiyo ya usahihi. Hii ya "kupendeza" ilienea katika karne ya 18.

Katika kalamu ya Shakespeare neno hilo lilikuwa na maana zaidi ya moja, na mojawapo ni jambo dogo, lisilo na uzito. Basi mtawa alikuwa akisema kwamba barua ile haikuwa ya mchezo. Ilibeba uhai wa vijana wawili, na mimi nilikuwa nimeufuta kwa neno moja.

Lakini tusidhani kwamba maana kongwe ndiyo ya haki. Katika riwaya ya Jane Austen, Northanger Abbey, iliyotoka mwishoni mwa 1817, Henry Tilney anamtania Catherine kwa kukiita kitabu "nice", akidai kwamba hapo kale neno lilihusu unadhifu na ustaarabu. Mzaha wake ni mtamu, ila naye aliishia njiani. Angerudi nyuma hatua chache zaidi, angeukuta upumbavu.

Nasi tunayo maneno ya namna hiyo. Katika pwani yetu ya karne ya 19, "mjinga" aliweza kuwa mgeni tu, mtu aliyefika karibuni, hasa mtumwa kutoka bara, ambaye hajazoea lugha na desturi za mjini. Anayesoma maandishi ya wakati ule kwa sikio la leo huenda akaona tusi mahali palipotajwa ugeni, asimwone mtu aliyeng'olewa kwao.

Kwa hiyo, malenga wenzangu, tunapoushika utenzi wa kale tusiulize tu neno lina maana gani. Tuulize lilikuwa na maana hiyo lini, na kinywani mwa nani. Mstari wangu sasa unasomeka: "Barua haikuwa ya mchezo." Rafiki yangu hajauliza tena.