Kwa nini selimundu hujificha miezi ya kwanza ya mtoto

Mpwa wangu alipimwa selimundu akiwa na wiki sita. Upande wa babake kulikuwa na jamaa mwenye ugonjwa huo, kwa hivyo dada yangu hakutaka kubahatisha. Siku ya chanjo aliomba mtoto apimwe. Damu ikatolewa, ikaangaliwa kwa darubini, akapewa karatasi iliyosema mtoto hana ugonjwa. Tukashukuru Mungu, karatasi ikawekwa ndani ya kijitabu cha mama na mtoto.

Alipofika miezi tisa, vidole vya mikono na nyayo zikavimba, akawa halali kwa kulia. Majirani wengine walisema ni kijicho. Alipopelekwa hospitali kubwa na kupimwa kwa njia nyingine, jibu likawa ana selimundu, tena tangu siku aliyozaliwa.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba aliyempima mara ya kwanza alizembea. Baadaye nilipoanza kuusoma ugonjwa huu nilifahamu kwamba huenda aliona kwa usahihi kile kilichokuwapo. Kosa lilikuwa kukitumia kipimo kile kwa mtoto wa umri ule. Naandika haya kwa sababu bado nakutana na wazazi wenye karatasi kama ile, nao wanaitegemea.

Damu ya tumboni si damu ya duniani

Chembe nyekundu za damu hubeba oksijeni kwa kutumia protini iitwayo himoglobini. Wengi wetu tulifunzwa shuleni kwamba damu hutengenezwa kwenye uboho, ndani ya mifupa. Ni kweli kwa mtu aliyezaliwa. Lakini mwanzoni mwa mimba, chembe za kwanza za damu hutengenezwa ndani ya kifuko kidogo kilicho kando ya kiinitete. Baada ya wiki chache kazi hiyo huchukuliwa na ini, na uboho huipokea baadaye, mimba ikiwa imekomaa zaidi.

Himoglobini yenyewe pia hubadilika. Imeundwa kwa minyororo minne, yaani jozi mbili. Jozi moja, iitwayo alfa, hubaki ileile tangu mtoto akiwa kijusi hadi uzeeni. Jozi ya pili ndiyo hubadilishwa. Kijusi hutumia minyororo ya gama, na mtu mzima hutumia ya beta. Himoglobini ya kijusi huishika oksijeni kwa nguvu zaidi kuliko ya mtu mzima, na hilo lina sababu: mtoto aliye tumboni hapumui, bali huichukua oksijeni kutoka damu ya mamake kupitia kondo la nyuma.

Mtoto akizaliwa hahitaji tena nguvu hiyo. Utengenezaji wa gama hupungua pole pole na ule wa beta hupanda. Anapotimiza miezi sita, sehemu kubwa ya himoglobini yake huwa ni ya kiutu uzima.

Selimundu ni kasoro katika jeni ya beta, haigusi gama. Kwa hivyo mtoto aliyerithi kasoro kwa baba na kwa mama huzaliwa akiwa na damu ambayo bado kwa wingi ni ya gama, isiyo na kasoro. Anaonekana mzima, ananyonya, anaongeza kilo. Himoglobini ya kijusi inapopungua ndipo ile yenye kasoro inapojaa, chembe zinapoanza kupinda mfano wa mundu, kuvunjika mapema na kuziba mishipa midogo. Kuvimba kwa vidole na nyayo mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza kuonekana, na huja katika nusu ya pili ya mwaka wa kwanza au katika mwaka wa pili.

Wataalamu waligundua vipi

Chembe zenye umbo la mundu zilielezwa kwa mara ya kwanza katika jarida la tiba mwaka 1910 na James Herrick, daktari wa Chicago. Mgonjwa alikuwa kijana wa kisiwa cha Grenada aliyekuwa akisomea udaktari wa meno. Kwa miaka mingi baada ya hapo vitabu vya Marekani viliuandika kama ugonjwa wa ajabu wa watu weusi, bila kueleza chanzo chake.

Mwaka 1948 daktari wa watoto wa New York, Janet Watson, aliandika jambo ambalo wengine hawakulizingatia: damu ya watoto wachanga haipindi sana kama ya wakubwa. Alipendekeza kwamba himoglobini ya kijusi ndiyo inayowakinga. Mwaka uliofuata, Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa ni tofauti na ya watu wengine. Kisha Vernon Ingram, akifanya kazi Cambridge miaka ya 1950, akathibitisha kwamba tofauti hiyo ni asidi amino moja tu katika mnyororo wa beta.

Pwani yetu iliingia katika historia hii mwaka huohuo wa 1949. Anthony Allison, kijana aliyelelewa Kenya na kusomea Oxford, alizunguka nchini akikusanya damu za watu wa jamii mbalimbali. Aliona kwamba wenye jeni ya selimundu walikuwa wengi Pwani na kando ya Ziwa Victoria, kwenye mbu na malaria, na wachache mno nyanda za juu penye baridi. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mtu aliyerithi jeni moja tu ana kinga dhidi ya malaria. Ndiyo maana jeni hii haikutoweka kwetu. Haikuletwa na laana wala uchafu wa ukoo. Imebaki kwa sababu iliwaokoa mababu zetu wengi utotoni, huku ikiwatesa wachache waliorithi mbili.

Kilifi ilihesabu watoto

Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust mjini Kilifi kimekuwapo tangu 1989, na selimundu ni mojawapo ya kazi zake kubwa. Mwaka 2009 watafiti wake walichapisha katika jarida la Lancet kwamba mtoto mwenye selimundu alikuwa katika hatari ya takriban mara 26 zaidi ya kupata bakteria kwenye damu kuliko mtoto asiye nao. Bakteria waliowapata kwa wingi ni wale wa pneumokoka, ambao pia huleta nimonia na homa ya uti wa mgongo.

Sababu yake ni wengu. Kiungo hiki huchuja vijidudu kwenye damu, na kwa mtoto mwenye selimundu huharibika mapema, wakati mwingine kabla ya mwaka kwisha. Mtoto huyo anaweza kuamka na homa asubuhi na kufariki usiku. Familia ikabaki ikisema malaria ilimchukua, na jina la selimundu lisitajwe hata siku moja.

Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti mwingine wa Kilifi, uliowapima karibu watoto wachanga 16,000. Watoto 128 walikuwa na selimundu, yaani karibu mmoja kwa kila 125. Walipofuatiliwa, vifo vilikuwa vingi mno miongoni mwao kuliko kwa wenzao, lakini waliotambuliwa na kuhudumiwa kliniki walikufa kwa kiwango cha chini sana ukilinganisha na wenye ugonjwa uleule ambao hawakufika kliniki. Ugonjwa ni mmoja na kijiji ni kimoja. Kilichowatenganisha ni kujulikana mapema na kuhudumiwa.

Dawa mbili za bei nafuu na moja ya mamilioni

Dawa ya kwanza ni penisilini. Mwaka 1986 Marekani ilitoa matokeo ya jaribio lililowapa watoto wadogo wenye selimundu penisilini ya kumeza kila siku. Maambukizi makali yalipungua kwa asilimia 84, na jaribio likasimamishwa kabla ya wakati ili watoto wote wapewe. Dawa hiyo huanzishwa mtoto akiwa na miezi miwili au mitatu na huendelea hadi miaka mitano. Hesabu mwenyewe: mtoto anayegunduliwa akiwa na mwaka mmoja amepoteza miezi tisa ya kinga, na miezi hiyo ndiyo ya hatari.

Dawa ya pili ni haidroksiyurea, nayo inaturudisha kwenye damu ya tumboni. Madaktari walikuwa wamegundua kwamba wagonjwa wa mashariki mwa Saudi Arabia, ambao damu yao hubaki na himoglobini nyingi ya kijusi hata ukubwani, huugua kwa nafuu zaidi. Swali likawa: je, gama iliyolala yaweza kuamshwa? Haidroksiyurea, iliyokuwa dawa ya saratani, ilionekana kufanya hivyo kwa kiasi. Jaribio kubwa la mwaka 1995 lilionyesha inapunguza maumivu kwa watu wazima.

Wengi walihofia kuitumia kwa watoto wa Afrika, hasa penye malaria. Ndipo likafanyika jaribio la REACH katika nchi nne: Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Uganda na Kenya, na kwa Kenya lilikuwa Kilifi. Watoto 606 walipewa dawa. Maumivu yalipungua, wakahitaji kuongezewa damu mara chache, vifo vikapungua, na hata malaria ikapungua. Mpwa wangu sasa ana miaka 11 na hunywa dawa hii kila siku. Amekosa shule wiki moja mwaka huu. Zamani ilikuwa wiki moja kila mwezi.

Tiba ya tatu ilikubaliwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023. Chembe za uboho wa mgonjwa hutolewa, jeni inayoizima gama hudhoofishwa, kisha chembe hizo hurudishwa mwilini. Damu hurudia himoglobini ya kijusi. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na lazima kwanza apewe dawa kali za kuondoa uboho wa zamani. Ni kazi kubwa ya sayansi, lakini mzazi wa Ganze au Msambweni asiingoje. Kilichopo leo ni kupima mapema, penisilini, kinga ya malaria, chanjo na haidroksiyurea.

Soma karatasi yako vizuri

Kipimo cha kuangalia kama chembe zinapinda kwa darubini ni cha bei nafuu na kinapatikana vituo vingi. Kina udhaifu wa aina mbili. Kwanza, kwa mtoto wa chini ya miezi sita kinaweza kusema hana ilhali anao, kwa sababu damu ya tumboni bado inauficha. Pili, kikisema anazo chembe hizo, hakielezi kama ni mgonjwa au ni mbebaji tu wa jeni moja.

Kipimo kinachoaminika ni kile kinachotenganisha aina za himoglobini, na maabara hukiita elektroforesisi. Siku hizi vipo pia vipimo vya haraka vya tone moja la damu vinavyoweza kutumika hata kwa mtoto mchanga. Jibu lake huandikwa kwa herufi. AA ni mtu asiye na jeni hiyo. AS ni mbebaji, na si mgonjwa. SS ni mwenye selimundu. Karatasi ya mtoto mchanga inaweza pia kuwa na herufi F, na hiyo ndiyo himoglobini ya kijusi. Isikutishe. Lakini ukiona FS bila A, mpeleke mtoto kliniki mara moja, asisubiri hadi avimbe vidole.

Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto SS. Mama halaumiwi peke yake, maana mtoto hawezi kuwa SS bila jeni ya baba. Ndugu wanapooana uwezekano wa wote wawili kubeba jeni hiyo huongezeka, lakini hapa Pwani hata wasiohusiana kabisa wanaweza kukutana nayo.

Kama mtoto wako alipimwa kwa darubini kabla ya miezi sita na ukaambiwa hana, nakuomba urudie kwa kipimo cha kutenganisha himoglobini. Kama katika ukoo wenu kuna mwenye selimundu, au kuna mtoto aliyefariki ghafla kwa homa bila kujulikana sababu, mwambie muuguzi siku ya chanjo ya kwanza, na uulize ni kipimo gani kitatumika. Wahamasishaji wa afya ya jamii nao waulize swali hilo wanapopita nyumbani kwa mama aliyejifungua.

Dada yangu alifanya yote aliyotakiwa kufanya. Alimpeleka mtoto, akauliza, akaitunza karatasi. Hakuna aliyemwambia arudi baada ya miezi sita, na hatukujua kwamba tulipaswa kuuliza.