Daftari la Waya: Tarikhi ya Mlango wa Mfuatano

Mtu yeyote aliyewahi kushughulika na mtambo mdogo wenye kompyuta ndani yake, uwe ni kipimo cha mvua au kidhibiti cha umeme wa jua, anazijua nyaya tatu ambazo mafundi huziunganisha kabla ya kitu kingine chochote: mmoja wa kupeleka, mmoja wa kupokea, na wa tatu wa ardhi. Kwa nyaya hizo, ambazo ndizo mlango wa mfuatano, mtambo usio na kioo wala kibodi hueleza khabari zake herufi baada ya herufi. Na fundi makini huwa ameweka upande wa pili programu ndogo, isiyo na madirisha wala picha, inayoitwa kwa amri moja ya kuandikwa, ambayo kazi yake yote ni kuyapokea maneno hayo, kuyatia saa, na kuyahifadhi katika faili. Kazi hiyo yaonekana nyonge. Walakini asili yake ni ya kale kuliko kompyuta yenyewe, na anayeifuatilia huona ya kwamba programu hiyo imekuja kurudisha kitu ambacho watu walikuwa nacho, kisha wakakipoteza.

Hapo mwanzo waya na daftari havikutengana. Mwaka 1867 William Thomson, ambaye baadaye alipewa jina la Lord Kelvin, alibuni chombo ambacho bomba lake jembamba lilitiririsha wino juu ya utepe wa karatasi uliokuwa ukipita, likiufuata mtikisiko wa umeme uliofika dhaifu kutoka chini ya bahari. Na chombo hicho kilikuwa kikitumika katika kebo za baharini zama zile zile ambazo kebo ya kutoka Aden ilifika Unguja, mwaka 1879. Karani aliweza kusinzia, aliweza kukosea. Utepe ulibaki, na asubuhi ulisomwa upya.

Miaka mitano kabla ya kebo hiyo, Mfaransa Émile Baudot alikuwa amejipatia hataza ya mfumo ambamo kila herufi iliundwa kwa alama tano za urefu sawa, umeme uwepo au usiwepo, na jina lake ndilo mafundi walitamkalo hadi leo wanapotaja kasi ya waya kwa baudi. Lakini lilisalia swali gumu: mashine inayopokea itajuaje herufi imeanzia wapi? Jawabu lilipatikana Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, nalo ni zuri mno hata halijapata kubadilishwa. Kila herufi itanguliwe na alama ya kuanza na ifuatwe na alama ya kukoma. Waya ukiwa kimya ukae katika hali moja, na hali hiyo ikivunjika mpokeaji ajue kwamba kuna neno linakuja. Sisi watu wa pwani tungesema kwamba kila herufi hupiga hodi kabla ya kuingia.

Juu ya msingi huo zilijengwa mashine za teletaipu, na mashuhuri kati yake ni Model 33 ya mwaka 1963, iliyochapa herufi 10 kwa sekunde. Kanuni ya RS-232, iliyotolewa Marekani mwaka 1960, ilikuwa imekwisha kuweka wazi jinsi mitambo itakavyounganishwa kwa waya. Na wakati Ken Thompson na Dennis Ritchie walipoanza kuutengeneza mfumo wa kompyuta uitwao Unix katika Bell Labs mwaka 1969, mtu alizungumza na kompyuta kwa teletaipu, ndiyo maana milango ya mfuatano huitwa tty hata leo. Katika siku hizo hakuna aliyehitaji programu ya kuweka kumbukumbu, maadamu kila neno lililosemwa na kompyuta lilikuwa limekwisha kugongwa juu ya karatasi.

Hasara ilikuja na kioo. Kioo kiitwacho VT100, cha mwaka 1978, kilionyesha mistari 24 kwa upesi na ukimya ambao teletaipu haikuuota. Lakini mstari wa 25 ulipoingia, ule wa kwanza ulipanda juu ukatoweka, na pamoja nao ushahidi. Ndipo ilipobidi daftari lifanywe kwa makusudi. Programu ya Kermit, iliyoanzishwa mwaka 1981 katika Chuo Kikuu cha Columbia na Frank da Cruz na Bill Catchings kwa ajili ya kuhamisha mafaili, ilikuja kuwa na amri ya kuandika mazungumzo yote. Na wengine wengi wakafuata njia hiyo.

Anayeiandika programu kama hiyo leo hukutana na wazee wale kila hatua. Mwisho wa mstari humjia kwa alama mbili, ya kurudisha gari la kuchapia na ya kusogeza karatasi, ingawa hapana gari wala karatasi. Tena herufi hazimfikii kwa mistari kamili, bali vipande vipande, hata akitia saa kila kipande atapata faili lisilosomeka. Sharti angoje mwanzo wa mstari. Na kwa kasi ya baudi 115200, ambayo mafundi huitumia aghalabu, herufi 11,520 zaweza kupita katika sekunde moja, kwa hiyo hana nafasi ya kuzubaa.

Kosa lililonifunza zaidi lilikuwa langu mwenyewe. Nilikuwa na kipimo cha maji ya tangi kilichozimika kila usiku, nami nilikiunganisha na kompyuta iliyotumia umeme wa betri ile ile. Programu yangu ilizikusanya herufi kwanza katika kumbukumbu ya muda, na kuzipeleka diskini zikishatimia elfu kadhaa. Umeme ulipokatika, mistari ya mwisho, ambayo ndiyo hasa niliyoihitaji, ilipotea pamoja nao. Nikaongeza amri moja ya kusukuma kila mstari hadi diskini mara tu unapotimia. Usiku uliofuata faili liliishia 03:12, yaani saa tisa na dakika kumi na mbili, na mstari wake wa mwisho ulisema kwamba nguvu ya umeme imeshuka chini ya kiwango wakati redio ya kipimo ilipowashwa. Asubuhi nilibadilisha betri.