Swali la Kwa Nini: MYCIN na Historia ya Mashine ya Kuaminika

Nyaraka za sera kuhusu akili mnemba (wengine husema akili unde, wengine akili bandia, maafikiano bado) hulitumia neno kuaminika kana kwamba ni zao la miaka hii. Jopo la wataalamu lililoundwa na Tume ya Ulaya lilichapisha miongozo ya maadili ya akili mnemba yenye kuaminika mwezi Aprili 2019, na mkakati wa bara wa Umoja wa Afrika ukaidhinishwa mwaka 2024. Hata hivyo, suala lenyewe, yaani mashine ifanye nini ili mtu mwenye dhamana akubali ushauri wake, lilikwisha kujaribiwa kwa vitendo katika Chuo Kikuu cha Stanford, California, miaka ya 1970. Makala haya yanafuatilia jaribio hilo, programu iliyoitwa MYCIN, na yanadai kwamba fundisho lake kubwa halikutoka hospitalini bali darasani.

Mwasisi wake, Edward Shortliffe, alikuwa akisomea udaktari wa tiba na shahada ya uzamivu kwa wakati mmoja. Walezi wake wa kitaaluma walitoka pande mbili: Bruce Buchanan, mtafiti wa kompyuta aliyesomea falsafa, na Stanley Cohen, daktari anayekumbukwa zaidi kwa kazi yake ya kuunganisha vinasaba. Tatizo walilolishughulikia lilikuwa la kila siku wodini. Mgonjwa mwenye maambukizi ya damu hawezi kusubiri maabara ioteshe vimelea kwa siku moja au mbili. Daktari hulazimika kuchagua viuavijasumu huku ushahidi ukiwa haujakamilika.

Ujuzi wa mabingwa uliwekwa katika kanuni zipatazo 500 zenye umbo la ikiwa na basi. Ikiwa bakteria ni wa kundi la Gram hasi, wana umbo la kijiti, na huishi pasipo oksijeni, basi kuna ushahidi wa kiasi cha 0.6 kwamba ni wa jenasi ya Bacteroides. Programu ilianza na hitimisho linalowezekana, kisha ikarudi nyuma kutafuta ushahidi wa kulithibitisha, na pale ushahidi ulipokosekana ilimuuliza daktari. Kila hitimisho lilipewa kiwango cha uhakika kati ya -1 na +1. Wanamantiki hawakuridhika na hesabu hiyo, na mwaka 1986 David Heckerman alionyesha kwamba ingepatana na nadharia ya uwezekano kwa masharti makali tu. Lakini kilichoitofautisha MYCIN ni jambo jingine. Kila ilipouliza swali, daktari aliweza kuirudishia: kwa nini unauliza? Nayo ilimwonyesha kanuni iliyokuwa ikiishughulikia. Alipouliza tena, ilipanda ngazi moja na kuonyesha kanuni iliyotangulia.

Mwaka 1979 matokeo ya tathmini yalichapishwa katika jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani. Visa kumi vya homa ya uti wa mgongo vilitumika. Mapendekezo ya MYCIN yalichanganywa na ya wahadhiri wa Stanford, ya madaktari waliokuwa mafunzoni, ya mwanafunzi mmoja, pamoja na matibabu ambayo wagonjwa walipewa hasa, kisha mabingwa wanane kutoka nje wakayapima bila kujua yapi ni ya nani. MYCIN ilipata asilimia 65. Binadamu aliyefanya vizuri zaidi alipata 62.5. Tarakimu hizi zimenukuliwa mno kama ushindi wa mashine. Kwa visa kumi, tofauti ya asilimia 2.5 haithibitishi ushindi wowote. Kinachoonekana zaidi ni kwamba mabingwa wenyewe hawakuafikiana juu ya matibabu sahihi.

Pamoja na alama hizo, MYCIN haikupata kutumika katika huduma ya kawaida. Mashauriano yaliweza kuchukua nusu saa au zaidi, taarifa za mgonjwa ziliingizwa kwa mkono, na kompyuta yenyewe ilikuwa ya watafiti, si ya wodi. Utafiti wa mitazamo ya madaktari uliochapishwa mwaka 1981 uliongeza jambo la kufikirisha: walipoulizwa programu ya ushauri iwe na sifa gani, waliutanguliza uwezo wa kueleza uamuzi wake, na kutokosea kamwe wakakuweka chini katika orodha. Daktari amezoea wenzake wakosee. Asichokizoea ni mwenzake asiyeweza kuhojiwa.

Je, majibu ya MYCIN yalikuwa maelezo ya kweli? Hapo ndipo darasa linapoingia. William Clancey, katika tasnifu yake ya mwaka 1979, alizitumia kanuni hizohizo kuwafundishia wanafunzi wa udaktari kupitia programu ya GUIDON. Ikadhihirika kwamba kinachotosha kuamulia hakitoshi kufundishia. Mfano wake maarufu ni kanuni isemayo kwamba mgonjwa akiwa na umri chini ya miaka minane asipewe tetrasaiklini. Programu iliifuata bila kosa. Mwanafunzi alipouliza kwa nini, alirudishiwa kanuni ileile. Sababu, kwamba dawa hiyo hujishikiza kwenye mifupa na meno yanayokua na kuyabadilisha rangi, haikuandikwa popote. Ilibaki kichwani mwa bingwa. Bila sababu hiyo mwanafunzi hawezi kujua lini kanuni ivunjwe, kwa mfano pale maisha ya mtoto yanapokuwa hatarini na hakuna dawa nyingine. Clancey alilichambua pengo hili kwa kina katika makala ya mwaka 1983.

Kiswahili kinasaidia kulitaja pengo hilo, kwa kuwa kwa nini moja hubeba madai mawili: umefikaje hapa, na je, ulichokifuata kinasimama juu ya nini? MYCIN ilijibu la kwanza tu. Mwandishi wa sera anayedai maelezo bila kusema ni yapi kati ya hayo mawili atapewa lililo rahisi. Hali kadhalika, tafsiri ya uaminifu wa akili mnemba, inayoanza kujitokeza, ni ya kuepukwa. Mwaminifu ni mtu anayetimiza ahadi. Mashine haijatoa ahadi kwa yeyote. Kuaminika kunaacha wazi swali la nani anaamini, na nani atawajibika imani hiyo ikivunjika.

Urithi uliodumu ulipitia njia isiyo na makuu. William van Melle aliziondoa kanuni za maambukizi, akabakiza chombo cha kutolea hoja, EMYCIN, ambacho wengine wangeweza kukijaza ujuzi wao. Miongoni mwa matunda yake ni PUFF, ya kufasiri vipimo vya mapafu, iliyoingia kazini katika hospitali moja ya San Francisco. PUFF haikumhoji daktari. Ilipokea vipimo kutoka kwenye mashine ya maabara na kuandaa rasimu ya ripoti. Daktari akaisoma, akairekebisha pale ilipohitajika, kisha akatia saini yake.