Chuo ni kitabu, chuo ni shule

Kuna neno tunalolitumia kila siku bila ya kulipekua, nalo ni neno chuo. Tunasema chuo kikuu, chuo cha ualimu, chuo cha ufundi, tukiwa na maana ya mahali pa kufundishia watu. Lakini fungueni mwongozo wa Kiswahili cha Unguja alioutoa Edward Steere mwaka 1870, mtakuta kwamba chuo ni kitabu, na wingi wake ni vyuo. Kwenda chuoni, basi, kulikuwa ni kwenda kitabuni. Utenzi mkongwe wa vita vya Tambuka, unaonasibishwa na mwaka 1728, hujulikana pia kwa jina la Chuo cha Herekali. Mwanachuoni ni mtu wa vitabuni. Kwa hesabu hiyo chuo kikuu ni kitabu kikubwa, jambo ambalo vijana wetu wanaofaulu mitihani kwa fotokopi za daftari za wenzao wangestaajabu kulisikia.

Nimelianza na neno hilo kwa sababu nataka leo tuzungumze juu ya mikono. Katika pwani yetu kulikuwa na zama ambapo kitabu hakikununuliwa dukani. Kilitengenezwa. Na aliyekuwa akisoma, mara nyingi, ndiye aliyekuwa akitengeneza au akijifunza kutengeneza.

Ushahidi tunao katika lugha yenyewe. Kalamu kwa asili yake ni unyasi, ule mwanzi mwembamba uliochongwa ncha kwa kisu. Jalada limetokana na neno la Kiarabu la ngozi, kwa kuwa vitabu vilivikwa ngozi. Ukurasa, ambao sisi leo ni upande mmoja wa karatasi, kwa Waarabu ulikuwa ni kile kijitabu kidogo cha karatasi zilizokunjwa na kuingizwa moja ndani ya nyingine, tayari kwa kushonwa. Mstari nao ni wa ukoo mmoja na jina la chombo cha waandishi: ubao au kadi iliyotandazwa nyuzi. Karatasi ililazwa juu ya nyuzi hizo, ikasuguliwa kwa kidole, ikabaki na mifereji isiyoonekana ila kwa kuinamisha karatasi kwenye mwanga. Mwandiko ukanyooka bila ya risasi wala rula. Haya yote yamo vinywani mwetu, nasi tunadhani ni maneno ya shule tu.

Mahali palipovuma kwa kazi hii ni Siyu, katika kisiwa cha Pate, kaskazini ya Lamu. Leo ni mji mdogo, na mgeni akifika huonyeshwa ngome. Katika karne ya 18 na ya 19 ulikuwa mji wa mafundi: washona ngozi, wachonga mbao, na wanakili wa vitabu. Misahafu iliyoandikwa huko imebaki hadi leo kushuhudia. Karatasi haikutengenezwa pwani. Ililetwa kwa majahazi kutoka ng'ambo, na karatasi ya Italia yenye alama ya miezi mitatu iliyofichika ndani yake ndiyo iliyoenea katika masoko mengi ya nchi za Kiislamu. Kilichobaki chote kilikuwa cha fundi. Wino mweusi kwa maneno yenyewe, wekundu kwa vichwa vya sura na alama, na manjano katika mapambo ya pambizoni yenye mafundo na maua ambayo mtu aliyezoea milango yetu ya kuchonga atayatambua mara moja.

Chini ya ukurasa mwandishi aliandika neno moja peke yake, limekaa kando kama mtu aliyetumwa. Neno hilo ndilo la kwanza la ukurasa unaofuata. Vitabu vya wakati huo mara nyingi havikuwa na nambari za kurasa, na neno hilo ndilo lililomwongoza mshonaji asichanganye majani. Binafsi naliona kuwa ni werevu mkubwa kuliko nambari, maana linamlazimisha anayeshona awe anajua kusoma.

Mmoja katika misahafu hiyo ya Siyu uko Los Angeles, Marekani, katika makumbusho ya Fowler. Nitarudi kwenye jambo hilo.

Siyu hiyohiyo ndiyo iliyotupa kitabu cha mafunzo kilichotoka nyumbani. Mwana Kupona alikuwa mke wa Bwana Mataka, yule shehe wa Siyu aliyemsumbua Sultani wa Unguja kwa miaka mingi. Mwaka 1858, naye ni mjane tena mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa wasia. Mambo ya ndoa yaliyomo yamejadiliwa sana, na wengine wamegombana juu yake. Mimi leo sitaki kuingia huko. Natazama jinsi jambo lilivyofanyika. Mama anamwita mwanawe akae karibu, achukue karatasi na wino. Somo linaanza kwa mtoto kushika kalamu. Hapakuwa na mchapishaji wala wizara. Kilipokwisha, wanawake wakakinakili kwa mkono, nyumba hadi nyumba, na mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens wakakitoa kwa chapa.

Sasa tumtaje fundi wa mwisho mkubwa, Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyezaliwa yapata mwaka 1855 na kufariki mwaka 1945. Ukimwita mshairi utakuwa umemkata nusu. Alikuwa mchonga milango, mwanamuziki, na bingwa wa hati za Kiarabu. Wazungu wenye uchu wa tungo za kale walipofika pwani, ndiye waliyemtafuta: Werner, ambaye alinakiliwa utenzi wa Fumo Liyongo mwaka 1913, baadaye Hichens, kisha mchungaji Mjerumani Ernst Dammann, aliyefika Lamu mwaka 1936. Kazi ilikuwa ya malipo, na Kijuma hakuifanya kama karani. Aliipamba. Baadhi ya nakala zake zina rangi na mapambo, na mkono uliochora pambizo ni ule ule uliochonga fremu ya mlango.

Zaidi ya hayo, alikuwa mwalimu kwa njia ya maandishi yenyewe. Hati za Kiarabu zina alama tatu tu za irabu, na sisi tunazo irabu tano. Hazina p wala v wala ch yetu. Msomaji wa Lamu alijua kwa mazoea wapi asome u na wapi o, mgeni alipotea. Kijuma akaongeza alama za kumsaidia, kama alivyofanya kabla yake Mwalimu Sikujua wa Mombasa alipofanya kazi na W. E. Taylor. Huyu ni mwandishi anayebuni chombo kwa kumfikiria msomaji wake. Na kwa mwanawe Helewa alitunga utenzi wa mawaidha, katika mila ileile ya Mwana Kupona.

Nakala hizo ziko wapi? Ziko London, katika chuo cha SOAS, na ziko Ujerumani. Sisemi ziliibwa; nyingi ziliagizwa na zikalipiwa. Wala sisahau kwamba huko zimehifadhika vizuri, ambapo hapa mchwa na unyevu havina heshima kwa utenzi. Lakini mtoto wa Lamu anayetaka kuona mkono wa Kijuma kwenye karatasi anahitaji pasipoti. Bado kuna nafuu. Msikiti wa Riyadha hapo Lamu una vitabu vyake vya mkono, na katika miaka ya 2010 vilipigwa picha kwa mradi wa hifadhi ulioungwa mkono na British Library, vyenyewe vikabaki mahali pake.

Ni nini kilichoukata mkono huu? Wengi hujibu haraka: ni mashine ya chapa. Mimi sikubali moja kwa moja. Steere alipoleta mashine yake Unguja katika miaka ya 1860, vijana waliokombolewa utumwani ndio waliofundishwa kupanga herufi na kupiga chapa. Karakana ile ilikuwa shule. Sultani Barghash naye akaweka mashine yake mwanzoni mwa miaka ya 1880, ikitoa vitabu vya dini kwa Kiarabu. Chapa ilifanya kitabu kiwe rahisi, na hakuna mwenye akili atakayetaka turudi kwenye nakala moja kwa mji mzima.

Kilichokata mkono ni mpango. Serikali za kikoloni zilipochagua herufi za Kirumi kwa shule na ofisi, aliyejua kusoma na kuandika kwa hati za Kiarabu akahesabiwa kuwa hajui kusoma. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki, ambayo pamoja na kusanifisha Kiswahili ilipitisha vitabu vya kufundishia. Kitabu kikawa kitu kinachoshuka kutoka juu, kimekwisha kukubaliwa. Mtoto akabaki na kazi ya kukipokea na kutokichafua.

Tabia hiyo haijatutoka. Hapa Kenya mtaala wa umilisi unataka mtoto atende kwa mikono, jambo jema. Lakini wazazi wanajua yanayotokea: usiku wa manane baba anatafuta gundi na katoni, kitu kinatengenezwa na mama, kinapigwa picha ya simu, kesho kiko jaani. Kitabu hakitupwi kirahisi hivyo, kwa kuwa kina maneno ya mtu ndani.

Tena hakina gharama. Karatasi moja kubwa ikunjwe mara tatu, itatoa majani 8, yaani kurasa 16. Mwalimu wa hisabati awaambie watoto waandike nambari 1 hadi 16 kabla ya kukunja, ili kila moja iangukie mahali pake. Atakuwa na kipindi kizima cha vicheko. Kisha mikunjo ikatwe, mgongo ushonwe kwa sindano na uzi, mishono mitatu yatosha. Ndani yaandikwe aliyosimulia bibi juu ya mtaa wao. Na chini ya kila ukurasa liwekwe lile neno lililotumwa.

Wale wenye vyuo vya mkono majumbani, na najua mko wengi kuanzia Lamu mpaka Unguja, msivifunge ndani ya mifuko ya plastiki. Karatasi hutoka jasho humo ikaoza. Visokoteni kwa kitambaa cheupe cha pamba, mviweke juu mbali na sakafu, na kabla ya kumpa mtu yeyote aondoke nacho, mwiteni kijana wa nyumbani akinakili.