Randa Ndani ya Sanduku

Seremala aliyepitia chuo hufundishwa kwamba randa hulazwa ubavu kazi inapotulia, na jioni hurudishwa kwenye ubao wa ukutani, mahali palipochorwa umbo lake. Kwa Meru na Embu, naamini desturi hiyo ilikuzwa na taasisi: misheni kama Kaaga ya Wamethodisti na Chogoria ya Waskoti, iliyoanza 1922, kisha politekniki za vijijini zilizochipuka baada ya ripoti ya Baraza la Kikristo la Kenya ya 1966. Huko randa ni mali ya chuo, na ubao ule ni daftari la mahudhurio: mwalimu akitupa jicho anajua kilichokosekana. Fundi wa kando ya barabara hana ukuta wa kutundikia. Banda lake mara nyingi ni nguzo na mabati, randa ni yake, na ikiibwa usiku hakuna bohari ya kumpa nyingine. Kwa hiyo huifungia ndani ya sanduku lenye kufuli. Sanduku hilo, basi, lilizaliwa na umiliki. Wanaoliita uzembe hawajalitazama vizuri.

Watasema sanduku huleta kutu na visu kugongana. Unyevu upo kweli, maana mashariki ya Mlima Kenya hunyeshewa misimu miwili kwa mwaka. Ila mbao zenyewe zina lawama kubwa kuliko hewa, kwa kuwa aina zake zimebadilika. Mwaka 1999 uchunguzi wa angani wa Shirika la Wanyamapori ulionyesha jinsi miti ya asili ya mlima huo, mkafuri hasa, ilivyokuwa ikifyekwa, na mwaka uliofuata msitu ukawa hifadhi ya taifa. Muuru, fahari ya maseremala wa Meru, ukazidi kuadimika. Mti wa mukima, unaopandwa shambani, ukashika nafasi yake. Huu mara nyingi hupasuliwa kwa pawasoo na kufika karakanani ungali mbichi. Maranda yake yakilala mdomoni mwa randa hadi asubuhi, kisu kitashika kutu hata kama randa imetundikwa juu ya ubao mzuri kuliko yote. Fundi makini huyakung'uta, hurudisha kisu ndani ya mwili wa randa, hukipangusa kwa kitambaa chenye mafuta, ndipo afunge.

Kasoro ninayoikubali ni kwamba sanduku humficha mwanagenzi utaratibu ambao ubao humwonyesha kila siku. Kwa hiyo vyuo vifundishe pia kupanga sanduku: kila randa na chumba chake, na kijiti kilichopigiliwa sakafuni mwa sanduku ili kuinua kichwa cha randa, kisu kisiguse mbao.