Ufunguo wa Kabati: Mkutubi kati ya Kanuni na Dhamiri

Kazi ya mkutubi huonekana nyepesi: kupokea vitabu, kuviandika daftarini, kuviazimisha na kuvirudisha mahali pake. Lakini anayeshika ufunguo wa kabati la vitabu anashika pia uwezo wa kuamua nani asome nini. Historia ya Kanisa, na ya Katanga yetu, yatuonyesha uzito wa ufunguo huo.

Mwaka 1559 Papa Paulo IV alitangaza Fahirisi ya Vitabu Vilivyokatazwa. Toleo lake la mwisho, la mwaka 1948, lilitaja vitabu 4,000 hivi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliagiza kwamba kitabu kilichokatazwa kisichapwe, kisisomwe, kisitunzwe, kisiuzwe, kisitafsiriwe wala kisipewe mtu mwingine pasipo ruhusa. Nia ilikuwa kuilinda imani ya wanyonge, na si haki kuidharau. Hata hivyo, neno «kisitunzwe» lilimgusa mkutubi moja kwa moja: kukiacha tu kitabu rafuni kulikuwa kosa.

Sasa tutazame kwetu. Mwaka 1945, mjini Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kilichapwa kwa Kifaransa kitabu cha Padri Placide Tempels, Mfransisko Mbelgiji, kuhusu falsafa ya Wabantu. Alidai kwamba watu waliodharauliwa na wakoloni walikuwa na hekima yao iliyopangika. Askofu Jean-Félix de Hemptinne wa Katanga alikipinga vikali, akaiomba Roma ikilaani. Mwaka 1946 Tempels alirudi Ulaya, akakaa huko hadi 1949. Roma haikukitia katika Fahirisi. Baada ya kurejea, Tempels alianzisha Jamaa kati ya wafanyakazi wa migodi wa Kolwezi na wake zao.

Tujiweke mahali pa mtunza vitabu wa misheni katika miaka ile. Hakuna sheria iliyokitaja kitabu hicho, lakini uso wa askofu unajulikana. Mwalimu kijana anakuja kukiomba. Mtunza vitabu akikitoa, aonekana mkaidi. Akisema «hakipo», amesema uongo. Akinyamaza, msomaji ameporwa bila kujua.

Lakini shida haikutoka upande wa mamlaka peke yake. Mwaka 1950 mshairi Aimé Césaire wa Martinique alikishambulia kitabu hichohicho kwa sababu nyingine kabisa: aliona kwamba kinawasifu Wabantu kwa mambo ya roho huku mali, ardhi na mishahara yao vikiachwa mikononi mwa wakoloni. Basi mkutubi mpenda uhuru angeweza naye kukificha, tena kwa dhamiri safi! Hapo ndipo penye fundisho. Kufuli la dhamiri yangu laweza kumfungia msomaji sawasawa na kufuli la kanuni.

Tarehe 14 Juni 1966, chini ya Papa Paulo VI, Kanisa lilitangaza kwamba Fahirisi haina tena nguvu ya sheria, ila yabaki kuwa onyo kwa dhamiri. Mzigo uliobebwa na orodha ukawekwa juu ya mioyo iliyofundishwa. Kanuni za maadili za shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, za mwaka 2012, nazo zadai kwamba mkutubi atenganishe itikadi zake na wajibu wa kazi yake, na kwamba asifichue siri ya anayesoma.

Je, dhamiri ya mkutubi basi inyamaze? La. Inayo kazi: kumwekea mtoto kitabu kinachomfaa umri wake, kuweka kitabu cha Tempels na cha Césaire bega kwa bega, na, akipewa amri asiyoweza kuitii, kumwambia mkubwa wake waziwazi badala ya kuficha kitabu gizani. Mtume Paulo aliwaasa Wathesalonike wayapime mambo yote na kulishika lililo jema. Nani atapima asichokiona?

Maswali ya kutafakari katika kikundi, kutoka Kolwezi hadi Sandoa:

1. Katika kabati la vitabu la parokia au shule yetu, nani anashika ufunguo, na anafuata kanuni gani?

2. Ni kitabu gani ningetamani wengine wasikisome? Sababu ni faida yao, au hofu yangu?

3. Kutii na kusema kweli vikigongana, nianzie wapi?