Akiba ya Uzee na Mwenye Ufunguo

Mambrui ni mji mkongwe katika pwani ya Kenya, kaskazini ya Malindi, ng'ambo ya Mto Sabaki. Tangu zamani watu wake wamekuwa wavuvi, wakulima, wafanya biashara na walimu wa dini, na katika mji wa namna hiyo neno pensheni lilichelewa kufika. Si kwamba uzee haukujulikana. Ulijulikana sana, ila haukuwa na ofisi yake. Mvuvi alipoanza kutetemeka mikono, wanawe walishika nyavu, na fungu lake la samaki likaletwa nyumbani. Mkulima alipanda minazi angali kijana. Mnazi hukaa miaka kama sita au saba kabla ya kuzaa, kisha huzaa kwa zaidi ya miaka hamsini. Kwa hiyo aliyepanda akiwa na nguvu alitumaini kula akiwa hana. Yamkini hapana hesabu ya akiba iliyo wazi kuliko hiyo, lakini ilimfaa mwenye shamba tu. Asiye na shamba wala mtoto alitegemea huruma ya jirani.

Kulikuwa na wakf pia. Mtu aliyejaliwa mali alitenga shamba au nyumba, isiuzwe wala isirithiwe, mapato yake yaende msikitini, kwa maskini, au kwa kizazi chake mwenyewe. Akatajwa msimamizi. Naomba msomaji amkumbuke msimamizi huyu, maana mengi yatakayofuata yanamhusu. Mali ya wakf iliyoshikwa na mwaminifu ililisha watu kwa vizazi. Iliyoshikwa na mlafi, minazi ilikuwa mingi na nazi hazikuonekana. Utawala wa Waingereza uliweka makamishna wa kuangalia mali hizo, lakini swali halikuisha kwa kuwekwa makamishna. Lilisogea hatua moja tu: nani atawaangalia waangalizi?

Huko Ulaya jambo hili la uzee lilikuwa limekwisha kuingia katika sheria. Mwaka 1889 Ujerumani, Bismarck akiwa waziri mkuu wa dola, iliamua kuwalipa wafanya kazi wazee kutokana na michango yao wenyewe, michango ya waajiri wao na nyongeza ya serikali. Uingereza ikafuata njia nyingine mwaka 1908: mzee maskini aliyefika miaka 70 alipewa hadi shilingi 5 kwa juma kutoka katika kodi, bila kuulizwa amechanga nini. Njia ya kwanza humwuliza mzee, ulifanya kazi kwa nani? Njia ya pili humwuliza, una miaka mingapi? Mtu anaweza kudhani kuwa tofauti hiyo ni ndogo. Kwa mvuvi wa Mambrui, ambaye hakupata kuwa na mwajiri ila bahari, ni tofauti baina ya kupata na kukosa.

Kenya huru ilichagua swali la kwanza. Mwaka 1965 Bunge lilitunga sheria ya kuanzisha Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, ambayo wengi huiita kwa herufi zake, NSSF. Mfanya kazi alikatwa sehemu ya mshahara, mwajiri akaongeza kiasi kile kile, na fedha zikawekwa mpaka mwenyewe afikapo uzeeni, ndipo alipwe zote kwa mara moja. Watumishi wa serikali hawakuwamo katika mpango huo. Wao waliendelea kulipwa pensheni kutoka katika mapato ya nchi, kama ilivyokuwa enzi ya ukoloni, bila kuchanga. Basi kijana wa Mambrui aliyekwenda Mombasa kufanya kazi kwa mshahara aliingia katika hesabu ya taifa, na ndugu yake aliyebaki na mashua hakuingia.

Lakini kuingia katika hesabu si sawa na kupata. Reli na bandari zilikuwa mali ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwaka 1977 Jumuiya hiyo ilivunjika. Mapatano ya kugawana mali na madeni yake yalitiwa sahihi mwaka 1984 tu, na kila nchi ikachukua jukumu la kuwalipa raia wake. Huko Tanzania wazee waliokuwa watumishi wa Jumuiya walidai haki zao kwa miaka mingi, hata mahakamani, na wengine walifariki kabla ya kulipwa. Hao walikuwa wamefanya kazi, na barua zao za ajira walikuwa nazo mkononi. Kilichowaponyoka ni mlipaji.

Wahenga walisema, akiba haiozi. Wenye kusema hivyo hawakuiona Kenya ya mwaka 1993, ambapo bei za vitu zilipanda kwa zaidi ya asilimia 40 katika mwaka mmoja. Shilingi iliyolala katika hesabu mwaka huo bila kuongezwa kwa kadiri hiyo iliamka imekonda. Nayo Hazina, ambayo kwa badiliko la sheria la mwaka 1987 ilikuwa imefanywa shirika lenye bodi ya wadhamini, ilipatwa na msiba mwingine katika miaka hiyo hiyo ya 1990. Fedha za wachangaji zilinunua viwanja kwa bei kubwa mno. Tume ya kuchunguza ugawaji wa ardhi ya umma, iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, ilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2004 jinsi mashirika ya umma, Hazina hii ikiwa mojawapo, yalivyonunua ardhi iliyogawiwa watu kinyume cha sheria. Yaani mali ya umma ilitolewa bure kwa wachache, kisha umma ukauziwa mali yake wenyewe kwa akiba za wazee wake! Hapo mlafi wa wakf angejiona mwanafunzi.

Sheria ya mwaka 1997 ilijaribu kuugawa ufunguo. Ilianzisha Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu, ikaagiza kwamba wadhamini waamue, mtu mwingine awekeze fedha, na mwingine tena azishike, ili mkono mmoja usiweze kufungua sanduku peke yake. Naona kuwa hilo lilikuwa jambo la maana kuliko kiasi chochote cha mchango. Hata hivyo imani iliyovunjika haiungwi kwa sheria moja. Hazina ilipopewa sheria mpya mwaka 2013, kwamba mfanya kazi achange asilimia 6 ya mshahara na mwajiri asilimia 6, badala ya shilingi 200 kwa 200 zilizodumu miaka mingi, watu walikimbilia mahakamani. Mahakama ya kazi iliibatilisha sheria hiyo Septemba 2022. Mahakama ya Rufani ikairudisha Februari 2023, na makato mapya yakaanza. Mahakama ya Juu, Februari 2024, ikaamuru rufani isikizwe upya. Kwa hesabu, wenye kuitetea sheria walikuwa na hoja nzuri, kwa kuwa shilingi 400 kwa mwezi haziwezi kumlisha mtu uzeeni. Wapinzani wao hawakubishana sana na hesabu. Walikumbuka viwanja.

Ubishi mwingine ni wa namna ya kulipa: yote mara moja, au kidogo kidogo kila mwezi? Watu wa pwani wengi hupenda fungu zima, kiinua mgongo, wajenge nyumba, wanunue mashua au waende kuhiji. Wenye hesabu husema kuwa fungu huisha na uzee huendelea. Tanzania ilipopunguza mwaka 2018 sehemu inayolipwa kwa mkupuo hadi robo, manung'uniko yalikuwa makubwa hata Rais Magufuli akaagiza, Desemba ya mwaka huo, utaratibu wa zamani urudishwe. Mwaka 2022 ikakubaliwa theluthi. Serikali ya Kenya nayo ilichoka na mzigo wa pensheni zisizochangiwa, na tangu Januari 2021 watumishi wake wameanza kukatwa.

Swali la pili, lile la miaka, lilirudi polepole. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumpa kila mzee wa miaka 70 shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi. Kenya ilifanya mfano wa hayo mwaka 2018, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa umri huo huo wasio na pensheni. Hapo mwishowe mvuvi wa Mambrui alihesabiwa. Wako wanaosema kuwa hakuchanga. Lakini sukari aliyonunua kwa miaka hamsini ilikuwa na kodi ndani yake. Pesa hizo zimepata kukawia kwa miezi, na katika miezi hiyo mwenye duka ndiye aliyekuwa hazina: huandika deni katika daftari, akangoja pamoja na mzee.